Zilifyatuliwa Ngapi

Umeuliza zilifyatuliwa ngapi,
na umeuliza kama mnunuzi wa ng'ombe
anayeanza kwa kufungua mdomo atazame meno.

Ninachokijua nitakupa. Nisichokijua nitakiacha
kama kurasa mbili za mwisho za leja hii,
ambazo mchwa waliwahi kuzisoma.

Ni leja ya kahawa, ya ushirika.
Baba mdogo Elirehema alikata neno Magunia,
akaandika juu yake Sahani.
Penye Jina la Mkulima aliweka herufi moja, K,
mtu wa Taveta ambaye hatukuruhusiwa kumuuliza.

Za redio: hamsini.
Lebo nyeupe, haina hata jina la wimbo,
ila muhuri wa zambarau uliolala upande: HAIUZWI.
Za dukani: mia tano.
Lebo nyekundu, tausi wa dhahabu, bei imechapwa kabisa.

Hayo ndiyo maandishi.

Bendi ilikuwa ya Majengo, vijana watano.
Anaeli alikuwa na tarumbeta ya kanisa,
ile ya kupulizwa makaburini alfajiri ya Pasaka;
aliibana kidogo tu, ikacheza disko.
Walirekodi Nairobi mwezi wa kwanza.
Mwezi wa pili mpaka ukafungwa,
muziki wao ukabaki ng'ambo
kama suruali iliyoachwa kwa fundi.

Hamsini zikavuka usiku, njia za panya, karibu na Holili,
chini ya miche ya sabuni, mgongoni kwa punda.
Zikafika arobaini na moja.
Leja inasema tu: "Tisa. Punda alilala."

Tatu zilipanda basi kwenda redioni, Dar es Salaam.
Tulitega masikio wiki sita.
Zilizobaki alizipiga ukumbini Bondeni kila Jumamosi,
sarafu ya shilingi juu ya mkono wa sindano isiruke,
na aliyetaka kununua, aliuziwa,
kidole gumba cha muuzaji kikiwa juu ya muhuri.

Za dukani zilikuja kama deni linavyolipwa na ndugu:
sita, kumi na mbili, nne, kimya, saba.
Nimejumlisha mara tatu.
Mia moja na nane. Mia moja kumi na nane. Mia moja na nane.
K aliapa mia tano zimetoka mashineni.
Fundi wa kiwanda, miaka mingi baadaye, aliapa mia mbili,
kisha plastiki ikaisha,
zikabaki lebo peke yake, tausi mia tatu
wamefungwa kamba, hawana pa kutua.

Hakuna aliyezitaka. Mji mzima
ulishaujua wimbo kutoka kwenye zile zisizouzwa,
ulishaujua na mikwaruzo yake;
nyekundu, safi namna ile, ilisikika kama ya bendi nyingine.

Ukaja mwaka wa msako.
Watu walitupa majokofu mtoni Rau, usiku, wakilia.
Baba mdogo alitaka kuzika sahani mgombani.
Mama mdogo Ndeanasia akasema, udongo una macho,
akachemsha maji.

Alizitumbukiza moja moja kwenye karai,
akazilaza juu ya kitako cha sufuria,
akazikunja kingo kwa kitambaa, taratibu, kama anafunga mtoto.
Wapekuzi walikuta mabakuli meusi yenye maua.
Mmoja akaomba moja ampelekee mkewe.

Kwa hiyo sijui zilifyatuliwa ngapi.
Nyeupe sijaiona tangu nimalize shule.
Nyekundu nimezihesabu kwenye veranda,
kuanzia Kiboriloni mpaka hapa kwetu: ishirini na mbili,
na ya Mama Mkunde imepasuka lakini bado ina mchaichai.

Ukija, njoo kiangazi.
Masika majani hufunika lebo.
Tundu la katikati hakuna aliyelitoboa, lilikuwepo tayari,
na maji yanajua pa kutokea.